Uzi: Gia nzito ya kushuka Kitonga, na pumzi niliyojifunza nikiwa na miaka 44

Shusha_Taratibu (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu nauandika vipande vipande kwenye simu, nipo foleni ya Tunduma siku ya tatu sasa. Mkikuta nimeruka mahali mnisamehe, ujue foleni ilisogea.

Mimi ni dereva wa lori, miaka 19 njia hii. Wanaoijua wanaijua Kitonga, ule mlima wa Iringa. Ukitoka Dar unaipanda baada ya Ruaha Mbuyuni, ukirudi unaishuka baada ya Ilula, kona juu ya kona, huku mwamba, huku korongo. Kanuni ya kuishuka ni moja: gia nzito unaiweka ukiwa bado juu. Ukingoja gari likolee ndipo uitafute, huipati. Unabaki na breki ya mguu, nayo ikishapata moto haishiki kitu.

Mwaka juzi mwenzangu tuliyekuwa tunaongozana alifeli breki pale. Sitaeleza sana. Tulikunywa chai pamoja Ilula, na kabla saa haijatimia nilikuwa nimesimama kando ya barabara nimeshika kiatu chake kimoja. Siku ya tatu nikarudi kazini. Watu wakanisifu, eti nimejikaza kiume.

Kilichofuata ni hasira. Utingo wangu, kijana mtaratibu kabisa, nilimrushia spana kwa sababu ya turubai kulegea. Nyumbani ikawa geti likilia tu, watoto wanazima televisheni na kuingia chumbani. Baada ya miezi minane, tupo juu ya Kitonga kabla hata ya kona ya kwanza, midomo ikaanza ganzi. Vidole vikachomachoma kama sindano, vikajikunja kama mguu wa kuku. Kifua kimebana. Nikajua huo ni moyo, basi tena.

Hospitalini wakanipachika waya za kifuani. Presha imepanda kidogo, moyo mzima. Sasa kuna nesi mmoja wa makamo, wala hakuwa ananihudumia, alikuwa anapita na trei. Akasimama, akatazama saa yake ya mkononi kimya muda mrefu, akaniambia: "Baba, umepumua mara 28 kwa dakika, na umelala. Nani anakukimbiza?"

Akanieleza kwa lugha ya kawaida. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20. Ukihema haraka na mwili hauna kazi ya kufanya, unatoa kabonidayoksaidi kupita kiasi. Damu inabadilika, mishipa ya kupeleka damu kichwani inajibana, ndiyo kizunguzungu, ganzi na vidole kujikunja. Wewe unahisi hewa haitoshi, unavuta nyingine, unazidi kuharibu. "Hewa unayo. Ulichoshindwa ni kuishusha."

Kushusha pumzi. Neno hilo nimelitamka maisha yangu yote, sikuwahi kulisikia. Pale kitandani nikaona ni gia nzito tu. Hata lori lenyewe lina breki ya eksozi: unabana moshi utoke kwa shida, injini inajizuia yenyewe.

Alichonifundisha ni mkono tumboni, si kifuani. Vuta kwa pua, hesabu nne, tumbo lisukume mkono. Shusha kwa hesabu sita, kwa pua au kwa midomo kama unapoza chai. Usijaze mpaka pomoni na usikamue mpaka mwisho. Hapo ni pumzi sita kwa dakika. Dakika tano zinatosha. Akasema moyo wenyewe hukimbia kidogo ukivuta na kupunguza mwendo ukishusha, kazi ya neva iitwayo vagasi inayotoka kwenye ubongo hadi tumboni. Sikuamini, nikajishika mshipa wa mkono. Jishike na wewe usikie.

Foleni inasogea. Narudi, maana habari yenyewe hasa sijaianza.

Kijiwe_Nongwa

Nimeweka kambi hapa.

Mlipa_Marejesho

Mkuu pole kwa yaliyokukuta. Ila mimi nina mkopo wa kausha damu, marejesho kila Jumatatu. Naomba kujua, nishushe pumzi ngapi deni liishe?

Mwana_wa_Agano

Shalom mleta mada. Nikuonye kwa upendo. Mambo haya ya kupumua kwa hesabu ni yoga, yametoka India, yana roho zake. Mtu anadhani anatafuta utulivu kumbe anafungua mlango. Sisi tuna Jina moja tu la kuliitia.

Nesi_Zamu_ya_Usiku

Nimefurahi kuona mwenzangu kaacha trei akahesabu pumzi. Kipimo hicho ndicho tunachokidanganya kuliko vyote, mtu anaandika 18 kwenye faili kila mgonjwa bila hata kumtazama kifua.

Niongeze moja. Kifua kikibana usijitangazie mwenyewe kwamba ni pumzi tu. Mleta uzi alipimwa moyo kwanza. Na mwenye pumu, dawa yako ya kuvuta ibaki mfukoni, mazoezi haya hayaichukui nafasi yake. Mwingine ataniuliza habari ya kuhemea ndani ya mfuko: usifanye. Kama tatizo ni la moyo au mapafu, mfuko unakuongezea shida.

Shusha_Taratibu (mleta uzi)

Mlipa_Marejesho, deni haliishi. Nikikudanganya hapo nitakuwa muuza mafuta ya upako. Mimi mwenyewe mwezi uliopita kwenye mizani nilibishana na mtu, nikahesabu nne, nikahesabu sita, mara tatu safi kabisa, halafu nikamtukana. Pumzi ilinisaidia tusi likatoka limenyooka. Nilichelewa gia, nilishakuwa kwenye kona ya pili.

Ndiyo maana sasa nafanya asubuhi wakati sina ugomvi na mtu. Siku yakinikuta, mwili unaikumbuka njia.

Mwana_wa_Agano, la kwako linahitaji maelezo marefu, na ndilo lililonifanya nifungue uzi.

Mimi ni mtu wa Bagamoyo. Babu yangu mzaa mama alikuwa murid, yaani mfuasi, wa tarika ya Kadiria, njia ya Kisufi, ile iliyostawi pale kwetu chini ya Sheikh Yahya bin Abdallah, watu wakimwita Sheikh Ramiya, aliyefariki 1931. Unguja na Mrima waliipata zaidi kupitia Sheikh Uways wa Barawa, aliyefika Unguja enzi za Sayyid Barghash na kuuawa 1909. Babu hakumdiriki hata mmoja kwa utu uzima wake, ila alikuwa akiwataja kana kwamba wametoka hapo barazani sasa hivi.

Nikiwa mtoto nilikuwa nalala mkekani usiku wa zikri, watu wakimtaja Mungu kwa pamoja. Wanaume wamesimama halka, yaani duara, wanainama na kuinuka, wanaanza na maneno kamili. Kadiri usiku unavyokwenda maneno yanapungua. Linabaki Jina. Kisha Jina lenyewe linazama kooni, unasikia kama kukohoa, kama msumeno, pumzi tupu ya watu arobaini inapanda na kushuka pamoja. Ukutani taa inayumba. Nilikuwa naogopa na sitaki iishe.

Nilipokua nikayaacha. Uradi wa babu nikaubakiza kwa mazoea, tasbihi baada ya swala 33, 33 na 34, kidole kinakimbia kama mhesabu pesa wa benki. Dakika moja na nusu nimemaliza, funguo mkononi.

Baada ya yule nesi, alfajiri moja hapahapa Tunduma, baridi kali, nikasema ngoja kila tasbihi moja niiweke kwenye pumzi moja ya kushuka. Basi. Nilipiga hesabu baadaye: 100 kwa mwendo wa sita kwa dakika ni kama dakika 17. Sijawahi kukaa dakika 17 na Mwenyezi Mungu bila kumwomba kitu. Aibu lakini ndiyo ukweli.

Sasa wengi mnategemea niseme nikapata amani. Sikupata. Ilipofika kama sitini nikaanza kulia. Yule mwenzangu, kiatu chake, kile kiatu. Miezi minane na zaidi nilikuwa na hasira na utingo, na mke, na polisi wa barabarani, na kumbe nilikuwa na msiba ambao sijaulia. Pumzi haikunituliza, ilinizuia nisikimbie mpaka nikauona.

Kijiwe_Nongwa

Aisee.

Rozari_ya_Bibi

Mleta uzi umenigusa. Mimi ni Mkatoliki, nimelelewa na bibi Peramiho. Yeye rozari alikuwa haisali haraka hata siku moja, na sisi wajukuu tulikuwa tunamsukuma, "bibi, ugali unapoa".

Mwaka 2001 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti uliofanywa Italia. Watu 23 wakasalishwa Salamu Maria kwa Kilatini, tena wakasomeshwa mantra ya Kibudha, maneno ya kurudiarudia, huku wakipimwa pumzi na moyo. Vyote viwili viliwashusha hadi pumzi kama sita kwa dakika, bila mtu kuwaambia wapumue polepole. Sala yenyewe ndiyo iliyokuwa inapima. Na mwili ulikuwa mwepesi zaidi kurekebisha presha kwa mwendo huo.

Kwa hiyo yule nesi na bibi yangu walikuwa wanafundisha kitu kimoja, mmoja kwa saa na mwingine kwa shanga.

Mwana_wa_Agano

Sawa, lakini hamjanijibu. Yesu alisema tusipayuke-payuke kama watu wa mataifa.

Jirani_wa_Riruta

Ndugu Mwana_wa_Agano, mimi nilikulia Riruta hapa Nairobi, karibu na seminari ya Kiorthodoksi. Hawa ni Wakristo, tena wa zamani sana. Wana sala fupi, "Bwana Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, unihurumie mimi mwenye dhambi", na watawa wa Mlima Athos huko Ugiriki walikuwa wakiisali sambamba na pumzi. Karne ya 14 kuna msomi aliwacheka, akawaita watu wenye roho kitovuni. Aliyewatetea ni Gregori Palama, baadaye akawa askofu mkuu wa Thesalonike, na kanisa lao likasimama naye.

Kwa hivyo mabishano yako yana miaka mia saba. Si vibaya kuyaendeleza, ila usifikiri umeyaanza wewe.

Mfuata_Dalili

Nami niongee upande wetu. Kumtaja Allah ni ibada, hakuna ubishi. Kukohoa, kuyumba na kushikana mikono, hayo hayana dalili, yaani ushahidi wa Qur'ani na Sunna. Ndugu mleta uzi usije ukawarudisha watu kwenye mambo ya wazee kwa kisingizio cha afya.

Shusha_Taratibu (mleta uzi)

Sheikh, sikuja kuamua hilo, wameshindwa wenye vilemba vikubwa kuliko changu. Mimi nimesimulia nilichokisikia mkekani. Ninachofanya garini ni tasbihi ileile unayoifanya wewe, nimepunguza mwendo tu.

Ila acha niseme jambo moja la lugha, kwa sababu linanizunguka kichwani safari nzima. Kwa Kiarabu nafsi na pumzi ni shina moja, nafs na nafas. Roho na upepo vilevile, ruh na rih. Kwenye Biblia ya hao ndugu zetu, Mwanzo 2:7, mtu anapuliziwa puani pumzi ya uhai ndipo anakuwa nafsi hai. Na sisi Waswahili kabla ya kitabu chochote tulishasema pumua, pumzi, pumzika. Kupumzika ni kupumua! Utingo wangu akaniambia, "Sasa mzee, mtu akifa je?" Nikamwambia tunasema amekata roho, au amepumzika, chagua.

Mama_Wawili_Kayole

Hamjambo nyote. Nimesoma kimya tangu mwanzo, na nataka kusema kitu ambacho hamtapenda. Mimi niliibiwa nyumbani usiku, watu wenye panga. Baadaye nikaenda kwa kikundi cha akina mama, mwalimu akatuambia tufunge macho tusikize pumzi. Dakika mbili nikawa nimerudi usiku ule. Nilisikia kifua changu kama vile nilikisikia nikiwa chini ya kitanda. Nikatoka nikitetemeka, na wenzangu wakaniambia sina imani ya kutosha.

Kwani ni lazima?

Nesi_Zamu_ya_Usiku

Dada, pole sana, na waliokuambia huna imani wamekosea. Si lazima. Kuna watu ambao kusikiliza kifua chao ni kurudishwa palepale walipoumizwa, hasa wakifunga macho. Hili linafahamika, si wewe peke yako.

Acha macho wazi. Acha kuhesabu. Miguu chini, isikie sakafu, taja vitu vitano unavyoviona: sufuria, pazia, kiatu cha mtoto. Na kama una wimbo wa kubembelezea watoto, uvumishe midomo ikiwa imefumba. Anayevumisha wimbo anashusha pumzi ndefu bila kuifikiria hata kidogo. Wala usifanye peke yako, tafuta mshauri anayejua mambo ya watu walioumizwa.

Mama_Wawili_Kayole

Asante dada. Ule wimbo ninao. Mtoto wangu mdogo hulala nikifika kwa mstari wa pili.

Pweza_Songosongo

Mleta uzi naomba nipitishe onyo, mimi mtu wa mbizi. Kuna vijana wameona kwenye simu wazungu wanahema harakaharaka mara thelathini, kisha wanabana pumzi, wanasema inaleta nguvu na maono. Sisi baharini tuliijua zamani, ukihema hivyo kabla ya kuzama unakaa chini zaidi. Tatizo, kinachokulazimisha upande juu si kuishiwa hewa safi, ni ile kabonidayoksaidi kujaa. Ukishaitoa yote mapema, kengele haipigi. Unazimika kimya kimya, huna hata taarifa. Mmoja wetu tulimtoa kwenye maji ya kina cha kiuno, kalegea kama kitambaa. Alipona.

Nchi kavu ukizimika utaanguka mkekani. Majini, au ukiwa unaendesha, shauri yako.

Shusha_Taratibu (mleta uzi)

Nashukuru sana, na mimi niseme wazi: haya yote nayafanya gari limezimwa, breki ya mkono juu. Barabarani ninachofanya ni kulegeza mabega na kushusha moja ndefu, macho barabarani.

Msomaji_Usiku

Kwa wanaotaka ya haraka zaidi: mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwalinganisha watu zaidi ya 100 kwa mwezi mmoja, dakika tano kila siku. Waliovuta pumzi mara mbili mfululizo kwa pua kisha kushusha moja ndefu kwa mdomo, nafsi zao zilichangamka zaidi ya wale waliokaa kutafakari tu. Nilivyojaribu nikacheka. Hiyo si ile ya mtoto aliyemaliza kulia? Hik-hik, haaa.

Bibi_Mstaafu

Wanangu, mimi nina miaka 71, nimefundisha dini shule za msingi. Nimesoma yote. Nina swali kwa baba wa lori, na asinijibu haraka. Ukisali ili moyo wako utulie, unamsalia nani? Rozari ikiwa dawa ya presha, siku utakapopewa kidonge kizuri utaiweka wapi?

Shusha_Taratibu (mleta uzi)

Bibi shikamoo. Nimekaa na swali lako tangu jana, ndiyo maana nilikuwa kimya. Tumevuka Makambako.

Ni kweli nilianza kama mgonjwa anayefuata dawa. Lakini dakika 17 ni ndefu, bibi. Siku nyingine kinatulia kitu, siku nyingine hakitulii, na tasbihi haibadiliki. Nilichogundua, na sijui kama nakieleza vizuri, ni kwamba kati ya pumzi iliyoshuka na inayofuata kuna mahali padogo ambapo mimi sifanyi chochote. Sijaivuta. Inakuja. Miaka 44 nimeamini mimi ndiye ninayepumua, kama ninavyoamini mimi ndiye ninayeendesha. Pale naona naletewa. Na yule mwenzangu asubuhi ile chai mkononi alikuwa naye analetewa, mpaka haikuletwa tena.

Presha yangu bado iko juu kidogo, kidonge nakunywa, nesi alisema nisiache. Tasbihi ni habari nyingine. Nadhani hivyo ndivyo ninavyoweza kukujibu kwa leo.

Bibi_Mstaafu

Marahaba mwanangu. Umenijibu.

Mwana_wa_Agano

Mkuu sikubaliani na yote, ila nakuombea safari. Umefika wapi leo?

Shusha_Taratibu (mleta uzi)

Amina ndugu. Nipo Ilula sasa hivi, gari limezimwa. Nimeagiza chai kwenye kile kibanda tulichokaa naye. Utingo anakagua turubai, wala sijamwambia. Nikimaliza naweka gia, tunashuka.

Kijiwe_Nongwa

Mkuu ukifika chini tuambie.

Kijiwe_Nongwa

Mkuu?

Shusha_Taratibu (mleta uzi)

Ruaha Mbuyuni. Mikono mizima, vidole vyote kumi nahesabu. Utingo ameshashuka anapatana bei ya vitunguu, anataka gunia zima wakati mama yake kaagiza nusu.